Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Ukitaka kuwagombanisha wazee wapenda dansi, usiwaulize habari za siasa wala za mpira. Waulize swali moja tu: marehemu Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa mtu wa Msondo au mtu wa Sikinde? Hapo utaona kazi. Mmoja atakwambia Gurumo ni Msondo damudamu, alikuwemo tangu bendi inaanza mwaka 1964. Wa pili atasema acha uongo wewe, Sikinde ilipotikisa mji, sauti ile ilikuwa ya nani kama si yake? Na akitokea wa tatu mwenye kumbukumbu nzuri, atawakatisha wote wawili: "Na Ndekule je, mmeshaisahau?"

Ndugu msomaji, wazee hao wote watatu wana haki. Mtu mmoja, sauti moja, bendi tatu. Wala Gurumo hakuwa peke yake. Aliondoka Msondo na wenzake, akaondoka Sikinde na wenzake. Mambo haya yalitokea kabla sijazaliwa. Mimi nimeyapata kwenye redio, kwenye memori kadi za simu, kwenye maongezi ya wakubwa na kwenye vitabu nilivyofanikiwa kuvishika. Lakini kadiri ninavyoyachambua ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hiki si kisa cha muziki tu. Ni kisa cha kila kijana mwenye kipaji na mikono mitupu. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie, hasa ninyi wa mjini mnaotaka kuwa waandishi, kwa sababu mwishoni nitawagusa na ninyi.

BENDI YA NYOTA

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kuna jambo ambalo hutokea mara kwa mara. Wanamuziki ambao kila mmoja ameshapata jina katika bendi yake huziacha bendi hizo, wakakutana na kuunda bendi mpya ya nyota watupu. Mfano unaotajwa sana ni Cream ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1966 na Eric Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker. Walivuma kweli, lakini kufika mwisho wa mwaka 1968 walikuwa wameshaagana. Mwaka 1969 Clapton na Baker wakaingia katika bendi nyingine ya nyota, Blind Faith, ikatoa albamu moja tu ikafa. Sababu inayotolewa ni ileile siku zote: mafahali wawili hawakai zizi moja.

Na sisi tulikuwa na bendi yetu ya nyota. Ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1978, ikaitwa Mlimani Park Orchestra, na mtindo wake ukaitwa Sikinde. Nayo ilipasuka, mwaka 1985. Watu wengi wakiusimulia mpasuko ule huutumia methali hiyohiyo ya mafahali, au husema jamaa walikuwa na tamaa ya hela. Mimi nasema la hasha. Ukitaka kujua kwa nini bendi zetu zilivunjika, usiwatazame waimbaji kwanza. Tazama spika, magitaa na ngoma zilizopangwa jukwaani, halafu uliza: hivi ni vya nani?

VYOMBO NI VYA NANI?

Sisi huku Genkuru, Tarime, tuna ritungu, ala ya Wakurya yenye nyuzi nane na tumbo kubwa la mti, ambayo sauti yake nzito unaisikia hadi kifuani. Mpiga ritungu ana ritungu lake. Akigombana na wenzake kwenye sherehe, analibeba begani anakwenda zake, na muziki wake wote unaondoka naye. Hakuna wa kumwambia acha hicho chombo hapo.

Muziki wa dansi haukuwa hivyo hata kidogo. Bendi kamili ilitaka gitaa la solo, gitaa la kati, rithimu na besi, ilitaka saksafoni na tarumbeta, drams na tumba, maikrofoni, vikuza sauti na spika. Vyote hivyo vilitoka ng'ambo na vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na miaka ya 1970 fedha za kigeni zilikuwa adimu kuliko maziwa ya kuku. Kijana aliyejua kupiga gitaa vizuri kuliko wote mtaani kwake asingeweza kulinunua kwa nguvu zake mwenyewe, sembuse kununua seti nzima.

Basi wenye vyombo walikuwa akina nani? Kwanza mashirika na vyombo vya umma. Chama cha wafanyakazi NUTA kilikuwa na NUTA Jazz. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, na Jeshi lilikuwa na bendi zake. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na kiwanda cha kuchonga almasi kule Iringa kikaja kuwa na Tancut Almasi. Pili walikuwapo watu binafsi wachache, wafanyabiashara wenye baa na kumbi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa hawa au wa wale, na wengine walipokea mshahara wa mwezi kama karani. Hilo lilikuwa na faida yake, kwani mtu alikuwa na uhakika wa kula. Lakini kazi yakiisha maelewano, mwanamuziki hutoka na nguo zake tu. Vyombo hubaki, na jina la bendi hubaki pia.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu watanielewa haraka. Mwenye duara anatoa pampu, chakula na vifaa. Wewe unatoa mgongo wako. Mkielewana mnagawana mifuko ya mawe. Msipoelewana, wewe unaondoka, duara haliondoki.

MWAKA 1978

Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz mwaka 1964. Bendi ile ililelewa na chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikageuka JUWATA Jazz. Mtindo wake ulikuwa Msondo, jina lililochukuliwa kwenye ngoma ya jadi. Baadaye akaingia humo kijana mwenye sauti nyembamba ya juu, Hassani Bitchuka. Gurumo ana sauti nzito iliyokomaa kama ya mjomba anayekupa wosia, Bitchuka ana sauti inayopaa. Waliposhikana hao wawili, ilikuwa si mchezo.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na Dar International. Humo walikuwamo Abel Bartazal na Joseph Mulenga kwenye magitaa, mwimbaji Cosmas Thobias Chidumule, na Michael Enoch. Huyu Enoch, ambaye watu walimwita King Enoch, alikuwa mkongwe tangu enzi za Dar es Salaam Jazz. Alipiga gitaa, akapiga saksafoni, na vyombo vingine alivijua pia.

Mwaka 1978 likatokea shirika lenye hela, Tanzania Transport and Taxi Services, kwa kifupi TTTS, shirika la usafiri na teksi. Likaamua kuwa na bendi. Kulikuwa na baa inaitwa Mlimani Park, na bendi ikabeba jina la baa. Hawakuanza na vijana wa kufundishwa. Walikwenda moja kwa moja kwa watu walioiva. Akina Enoch, Bartazal, Mulenga na Chidumule wakatoka Dar International. Gurumo na Bitchuka wakatoka JUWATA. Ni kama leo timu moja ya mpira iamke asubuhi ichukue kiungo na washambuliaji wa timu mbili kubwa kwa mpigo.

Hebu fikiria hali ya walioachwa. Dar International ilibidi ijengwe upya, na aliyekuja kuisimamisha ni Marijani Rajabu, yule Jabali la Muziki. JUWATA nao walijipanga upya na hawakufa, baadaye wakampata hata TX Moshi William. Kwa maana nyingine, Sikinde yenyewe ilizaliwa kwa kuzibomoa bendi za wengine. Kumbuka jambo hilo, ndugu msomaji, maana dunia ni duara.

SIKINDE, NGOMA YA UKAE

Jina Sikinde nalo limetoka kwenye ngoma ya jadi ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani. Wapenzi wakaiita Sikinde Ngoma ya Ukae, yaani ngoma ya nyumbani. Nami naona jina lile lilisema kweli. Wakati ule Dar es Salaam ilijaa wanamuziki wazuri kutoka Zaire, kama wale wa Maquis, na wengi waliwaiga. Sikinde hawakuwakataa Wazaire, lakini hawakuwaiga tu. Walikuwa na utaratibu wao.

Usikilize wimbo wao wowote wa miaka ile. Unaanza polepole, magitaa yanaongea kwa zamu, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Solo anachonga, gitaa la kati linajibu, rithimu anashona chini yao. Kisha sauti zinaingia, na zinasimulia kisa: ndoa iliyoharibika, mtoto aliyesahau wazazi, rafiki msaliti, barua ya mama kutoka kijijini. Tarumbeta na saksafoni zinaingia katikati kama watu wazima wanaoitikia hotuba. Mkishaelewa habari yote ndipo inakuja sehemu ya pili, chemko, ambapo mwendo unabadilika na watu wanainuka kucheza.

Kwa sisi tunaotaka kuandika hadithi, hapo pana shule ya bure. Nyimbo kama Neema, Talaka ya Hasira au Barua Toka kwa Mama ni hadithi fupi kamili, zina wahusika, zina tatizo, na hazikuambii kila kitu. Wala sidhani ni bahati mbaya kwamba watu walikwenda dansini kucheza wakarudi nyumbani wakijadili maadili.

UMAARUFU BILA HELA

Sasa tuje kwenye jambo linalouma. Sikinde ilijulikana nchi nzima, tena hadi ng'ambo ya mipaka. Ilijulikana kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo hadi katikati ya miaka ya 1990 haikuwa na mshindani huku Bara. Bendi iliitwa studio, ikarekodi nyimbo zake, ikalipwa ujira mdogo, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Nyimbo zikapigwa miaka nenda miaka rudi.

Santuri je? Nchini kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuzifyatua, kazi hiyo ilikuwa Nairobi. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Sisi wa Tarime tunaijua Sirari. Ukiwa Sirari, Isebania ya Kenya ipo hapo pua na mdomo, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Lakini mpaka uliofungwa ni mpaka uliofungwa. Kwa hiyo bendi kubwa kabisa nchini ilizaliwa mwaka mmoja tu baada ya mlango wa santuri kubanwa. Kanda zilizouzwa mitaani, wengi walizinakili bila kumwuliza mtu, na hela ikaenda kwa mnakili.

Ikabaki hela ya mlangoni, yaani kiingilio. Na ili upate kiingilio lazima upige, na ili upige lazima uwe na vyombo. Tumerudi palepale.

Nchi nayo ilikuwa katika hali ngumu. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin ilianza mwaka 1978, mwaka uleule Sikinde ilipozaliwa, ikamalizika mwaka 1979 ikiwa imekomba hazina. Mafuta yakapanda bei, bidhaa zikaadimika, mashirika ya umma yakaanza kupepesuka. Mwaka 1983 TTTS likaanguka. Bendi haikufa, ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, lililokuwa na kumbi zake kama ule wa Kariakoo. Tangu hapo ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra.

Naomba tutue kidogo hapa. Wakati mwajiri wa kwanza ameanguka, bendi ilikuwa na miaka mitano, ilikuwa na jina, nyimbo na mashabiki. Kwa haki ya kawaida ungesema wanamuziki wenyewe sasa wachukue bendi yao. Lakini wangeichukua kwa vyombo gani? Ikawa kubadilisha mwenye vyombo tu. Waliokuwa waajiriwa wa TTTS wakawa waajiriwa wa DDC. Nyota walibaki nyota, na hawakuwa na hata waya wa maikrofoni.

MWAKA 1985

Mfanyabiashara Hugo Kisima alikuwa na bendi yake, Orchestra Safari Sound, OSS, mtindo Dukuduku. Nyota wake mkuu alikuwa Ndala Kasheba, fundi wa gitaa la nyuzi 12. Ilikuwa bendi nzuri, haikuwa na aibu yoyote. Lakini Kisima alitazama ng'ambo akaiona Sikinde, akaona hiyo ndiyo anayoitaka.

Akafanya nini? Mwaka 1985 aliivunja OSS, bendi yake mwenyewe, kisha akawafuata watu wa Sikinde kwa malipo mazuri zaidi. Sita wakakubali. Miongoni mwao Gurumo, Bitchuka na Abel Bartazal. Yaani sauti nzito, sauti ya juu na gitaa, uti wa mgongo wote. Ikazaliwa International Orchestra Safari Sound, IOSS, mtindo Ndekule.

Ona jinsi bendi mbili zilivyojeruhiwa kwa uamuzi wa mtu mmoja katika mwaka mmoja. Wanamuziki wa OSS walilala wana kazi wakaamka hawana, si kwa sababu walipiga vibaya, ila mwenye vyombo alitaka sauti nyingine. Kasheba baadaye alikuwa na kundi lake, Zaita Musica, na jina lake halikuzama hadi alipofariki mwaka 2004. Lakini si kila mpiga tumba ni Kasheba. Nyota akiachwa anaokotwa, mpiga tumba wa kawaida nani atamwokota?

Na tusiwe wepesi wa kuwaita wale sita wasaliti. Mwaka 1985 shilingi ilikuwa imechoka, mshahara haufiki katikati ya mwezi, na ndiyo mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka, Mzee Mwinyi akashika nchi na milango ya biashara ikaanza kulegezwa. Mtu ameimba zaidi ya miaka 20, hana chake. Anakuja mtu anampa donge nono zaidi kwa kazi ileile. Ungekuwa wewe ungesema hapana kwa sababu ya nini? Kwa ajili ya jina ambalo si lako na spika ambazo si zako?

NDEKULE KUPANDA NA KUSHUKA

Ndekule ilivuma mara moja. Chatu Mkali ni wimbo wa bendi hiyo, na mpaka leo ukipigwa mzee anainua mkono. Dar es Salaam ikagawanyika: huyu Sikinde, huyu Msondo, huyu Ndekule. Kila upande ulijibiwa na upande mwingine, na kwa muda ushindani ule uliwanufaisha wapenzi wa muziki.

Lakini Ndekule haikudumu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo alikuwa amerudi alikoanzia, kwenye bendi ya wafanyakazi, ambayo jina lake lilikuwa limebadilika tena na kuwa OTTU Jazz. Bitchuka akarudi Sikinde. Ndekule ikabaki kwenye kanda na midomoni mwa watu.

Sikinde iliyoachwa na nyota wake sita ndiyo iliyoendelea kuishi. Hapa ndipo ile methali ya mafahali inaponichosha. Kama nyota ndio bendi, basi Sikinde ingekufa mwaka 1985 na Ndekule ingeishi. Ikawa kinyume. Kwa nini?

Naona sababu mbili. Ya kwanza, King Enoch alibaki. Alikuwa mwalimu wa wengine, na mwalimu akibaki, darasa linaweza kupata wanafunzi wapya. Sikinde ilikuwa na namna ya kupanga muziki ambayo mgeni aliweza kuingizwa akafundishwa. Waliingia waimbaji na wapiga magitaa wengine, na wimbo ukiusikia bado unasema hii ni Sikinde. Mwaka 1994, miaka 9 baada ya mpasuko, Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zao kwa jina la Sikinde, dunia ikaonja.

Ya pili, vyombo vya Sikinde vilikuwa mali ya shirika, na vya Ndekule mali ya mtu mmoja. Shirika lina mapungufu mengi, lakini haliamki siku moja likachoka na mtindo. Bendi inayotegemea mfuko na matakwa ya mtu mmoja inaishi kadiri anavyopenda yeye. Aliyeivunja OSS ili aijenge IOSS alishaonyesha mapema kwamba kwake bendi ni kitu cha kuvunjika.

MBONA WANYIKA WALIVUNJIKA?

Msomaji makini atanipinga: mbona hata wanamuziki wenye bendi yao wenyewe huvunjika? Ni kweli. Mfano mzuri ni Simba Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipitia Arusha, wakahamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuijenga Simba Wanyika pale Nairobi. Mwaka 1978, mwaka uleule wa Sikinde, wenzao wakaondoka wakiongozwa na Omar Shabani, wakaunda Les Wanyika, nao John Ngereza akajiunga nao. Mwaka 1979 wakatoa Sina Makosa, wimbo unaoimbwa mpaka leo kwenye harusi.

Sikatai, watu hugombana popote. Hata ndugu wa tumbo moja hugombana. Lakini tazama tofauti. Nairobi kulikuwa na studio na viwanda vya santuri, kwa hiyo waliotoka waliweza kurekodi, kuuza na kusimama wenyewe. Kuondoka kwao kulizaa bendi ya wanamuziki. Kuondoka kwa wale sita wa Dar es Salaam kulikuwa kutoka kwa mwajiri huyu kwenda kwa mwajiri yule. Wote walivunjika, ila wengine walipata pa kwenda ambapo ni pao.

HESABU YA MWISHO

Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995. Siku zake za mwisho alikuwa akijiuzia mwenyewe kanda za nyimbo zake pale Kariakoo. Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Mwaka huohuo kijana wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akamzawadia gari, na picha zikaenea kila mahali. Watu wengi walifurahi, na mimi nasema kijana alitenda la heshima. Lakini furaha ile ina swali ndani yake. Kwa nini mzee aliyeimba nusu karne apate gari kwa zawadi ya kijana, si kwa jasho la nyimbo zake? Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kwao Kisarawe, na redio zikapiga nyimbo zake siku nzima.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, ikazaa COSOTA. Ukihesabu vizuri, ilikuja miaka 21 baada ya Sikinde kuzaliwa na miaka 14 baada ya kupasuka. Kwa wakongwe wengi ilikuwa kama mvua inayonyesha baada ya mahindi kukauka.

NA SISI JE?

Washikaji, nimesema nitawagusa. Wengi wetu tunaoandika kwenye majarida madogo kama hili tuko kama wale vijana wa 1978. Tuna sauti, hatuna vyombo. Kompyuta ya kuchapia ni ya mtu, mashine ya kuchapishia ni ya mtu, mchapishaji ana masharti yake, na sisi kiu yetu ya kuona jina limechapwa ni kubwa mno hata tunasahau kuuliza. Tunaanzisha kikundi cha uandishi leo kwa shangwe, keshokutwa kimevunjika, halafu tunasema fulani alikuwa na majivuno. Labda alikuwa nayo. Lakini je, kuna mahali tuliandika kikundi ni cha nani, jina ni la nani, na hadithi ikiuzwa hela inagawanywaje?

Sisemi kila mwandishi anunue mashine yake. Hata Gurumo asingeweza kununua seti nzima ya vyombo. Nasema watu sita walioweza kukubaliana kuhama pamoja kwa siku moja walikuwa na nguvu kubwa kuliko walivyojua. Kama nguvu ile ingetumika mwaka 1983, shirika lilipoanguka, wakaitumia kudai sehemu ya umiliki badala ya kusubiri mwajiri mwingine, pengine leo tungekuwa tunasimulia kisa kingine. Siwalaumu, maana zama zao hazikuwapa nafasi kubwa. Zama zetu zinatupa zaidi kidogo. Wimbo au hadithi inaweza kurekodiwa kwenye simu, mkataba unaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili.

Kwa hiyo mkianzisha bendi, au jarida, au kikundi cha maigizo, fanyeni mazoezi baadaye. Kaeni kwanza chini, toeni kalamu, na swali la kwanza kabisa kwenye karatasi liwe hili: vyombo ni vya nani?